Sura ya Babu Iliyotengenezwa Asiatique

Babu yangu mzaa mama alipata sura siku ya Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, katika duka la picha mtaa wa Asiatique. Alikuwa amekufa tangu mama yangu akiwa mtoto wa kung'oka meno ya kwanza. Kwa hiyo tuseme alichelewa kidogo, lakini alipofika alifika amevaa suti.

Kabla ya Jumanne hiyo hakuwa na sura yoyote. Alipokuwa hai alikuwa nayo, nadhani, kama watu wengine. Alikuwa mpima kahawa huko milimani, mtu wa mizani, na alijua kusoma na kuandika. Mwaka ule kujua kusoma kulitosha kumpandisha mtu kwenye lori. Walipomchukua, bibi alikusanya picha zote za nyumbani, ile ya harusi na ile ndogo ya kitambulisho, akazichoma jikoni chini ya chungu cha maharage. Picha ya mtu aliyechukuliwa ilikuwa sawa na kibao mlangoni kinachosema: karibuni tena, bado tupo. Kisha akamshika mtoto mmoja mkono, mwingine akiwa tumboni, akashuka mjini, akapanga chumba katika mtaa wa watu wa Kiswahili, ambako kila mtu alikuwa mgeni na hakuna aliyemuuliza mwenzake mumeo yuko wapi. Ndiyo maana kwetu tunaongea Kiswahili nyumbani. Wengine walirithi ng'ombe.

Nimesema mwaka ule. Msomaji asiye wa kwetu atauliza ni mwaka gani, na hilo ni swali la mgeni. Sisi Warundi tuna miaka isiyohitaji tarakimu. Ukisema "mwaka ule" katika baa yoyote ya Bujumbura, kila mtu atatikisa kichwa kwa huzuni, kila mtu ataelewa, na kila mtu atakuwa ameelewa mwaka wa kwake. Tunaishi hivyo kwa amani. Tunalia pamoja, kila mmoja msiba wake. Akitokea mpumbavu mmoja akataja tarakimu, nusu ya baa inakumbuka ghafla kwamba iliacha nguo nje na mvua inakuja.

Mama yangu hakuwahi kumlilia baba yake. Bibi alikataza, kwa sababu kilio kingewaambia majirani ni nyumba ipi. Basi mama akakua, akaolewa, akatuzaa, akafundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na muda wote huo alikuwa matangani. Hakuna aliyemwona, maana matanga yake yalikuwa ya ndani kwa ndani. Kwenye sherehe alikaa nyuma. Pombe hakuigusa. Hata siku ya harusi yangu hakucheza, jambo ambalo wakwe zangu walilichukulia kuwa ni ulokole na wakamheshimu bure.

Sasa, kwetu matanga yana mlango wa kutokea, na mlango huo unaitwa kuganduka. Baada ya muda familia inaita watu, inawaambia marehemu alikuwa nani na alikufaje, kisha mfiwa mkuu anakunywa wa kwanza, wengine wanafuata, na kuanzia hapo mna ruhusa ya kucheka, kuoa na kugombana kama kawaida. Asipokunywa yeye, hakuna anayekunywa. Ni utaratibu mzuri na rahisi, mradi marehemu awe alikufa kwa njia inayosemeka mbele za watu.

Magoti ya mama yalipoanza kukataa ngazi, alituita, mimi na mdogo wake, akasema bila utangulizi:

"Nataka tumugandukie baba, kabla nanyi hamujanigandukia mi."

Tukafanya kile ambacho watu wa nchi hii hufanya jambo linapokuwa zito kupita kiasi: tukaunda kamati.

Mwenyekiti alikuwa Mjomba, huyo mdogo wake mama, yule aliyeshuka mjini tumboni. Alizaliwa miezi michache baada ya lori, na ni ofisa wa serikali aliyestaafu kazi lakini hajastaafu vikao. Mimi nilichaguliwa kuwa katibu kwa sababu ni mwanamke na nina kalamu. Wa tatu alikuwa binamu yetu wa Gatumba, mfanyabiashara wa kuvuka mpaka na samaki wakavu, aliyepewa viti, chakula na lawama zote ambazo zingejitokeza.

Kikao cha kwanza kilijadili babu alikufa na nini.

"Tusiseme waliua," Mjomba akafungua. "Ni neno baya. Linachafua sherehe."

"Sasa tuseme nini?" binamu akauliza. "Malaria?"

"Tutasema nyakati. Nyakati zilimuchukua."

"Nyakati zina kamyo?" nikauliza mimi, maana lori halijiendeshi. Mjomba akaniangalia kwa macho ya mwenyekiti, akasema katibu huandika, hahoji. Halafu akashusha sauti, ingawa tulikuwa sebuleni kwake Gihosha na madirisha yalikuwa yamefungwa. "Mutoto, mbele watakaa wakwe zako. Unataka wakae vipi?"

Hapa inabidi nieleze habari za wakwe. Nchi yetu ina pande mbili. Majina yake yanajulikana dunia nzima, kwa hiyo sina haja ya kuyarudia. Mimi niliolewa upande wa pili. Kila semina ya maridhiano ikija mjini, mimi na mume wangu tunaalikwa kama mbuzi wa maonyesho. Tunapewa fanta, tunaulizwa tunaishije, tunajibu kwamba tunagombania rimoti, na watu wanaandika. Upande wangu una mwaka wake na upande wake una mwaka wake. Tumekubaliana kutofungua mwaka wowote wakati wa kula.

Lakini bingwa wa kutofungua ni baba mkwe wangu. Mzee mrefu, mkimya, kofia haimtoki kichwani isipokuwa kanisani. Anatoka kilima kinachotazamana na kile alikozaliwa mama. Jambo hilo liligunduliwa siku ya mahari, watu wakapiga makofi kwa furaha, dunia ndogo kweli, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumsikia akisema kitu nje ya salamu, mvua, na asante kwa chakula. Nilimpenda kwa hilo. Mkwe asiyesema ni zawadi.

Basi ikapita: nyakati. Nikaandika.

Kikao cha pili Mjomba alileta jambo ambalo kumbe ndilo lilikuwa likimkosesha usingizi.

"Na foto je? Kuganduka bila foto, watu wataangalia wapi?"

Binamu wa Gatumba akakumbuka kwamba mama yake aliwahi kuwa na moja, kwenye sanduku la bati, ila mto ulipoingia nyumbani ukaondoka nayo pamoja na godoro na mbuzi. Tulisikitika inavyopasa. Tangu mafuriko yale, kila kitu ambacho ukoo wetu haukuwahi kuwa nacho kilikuwa Gatumba.

"Kama hakuna," akasema Mjomba, "tutatengeneza."

Ndivyo tulivyofika Asiatique Jumanne ile, katikati ya maduka ya vitambaa na vipuri, kwa fundi wa picha Mkongo kutoka Uvira, mtu mwenye ndevu zilizochongwa na kompyuta inayopiga kelele kama mashine ya kusaga. Hakushangaa hata kidogo. Nilipata hisia kwamba hatukuwa familia ya kwanza kuja kuagiza mzee.

"Muzee alikuwa anafanana na nani?" akauliza.

"Na mimi," Mjomba akajibu upesi.

"Mjomba, wewe hukumwona," nikasema.

"Mutoto anafanana na baba yake. Hii ni siyansi."

Fundi akampiga Mjomba picha, akamwondoa kitambi na kumnyoosha kola. Kisha akataka kumpunguzia umri, maana aliambiwa marehemu alikufa akiwa kijana. Na ni kweli: babu alipopandishwa lori alikuwa mdogo kuliko mimi ninavyoandika haya, baba wa mtoto mmoja na nusu. Mjomba akakataa katakata.

"Apana. Muongeze mvi. Nani ataheshimu babu mwenye miaka ya muzukuu?"

Akaongezewa mvi. Akaongezewa mikunjo miwili ya hekima kando ya mdomo. Fundi akauliza kama ni na kravati ao bila kravati, Mjomba akavua tai yake, ile ya bluu aliyopewa siku ya kustaafu, ikapigwa picha juu ya meza. Akauliza kuhusu miwani, Mjomba akasema alijua kusoma, basi ikawekwa miwani. Halafu fundi akarudi nyuma, akatazama kazi yake kwa jicho moja, akasema paji la uso la huyu muzee ni fupi, si la mutu mukubwa, na akanigeukia mimi: "Mama, kuja uikale hapa kidogo." Nikakaa kwenye kigoda, paji langu likachukuliwa, likapelekwa katika historia ya taifa.

Ilibaki nyuma yake. Fundi alikuwa na maporomoko ya maji, mnara wa Ulaya na kabati la vitabu. Mjomba akachagua vitabu. Vilikuwa vingi, vyekundu, vyenye nakshi za dhahabu, na kama babu angekuwa navyo kweli wangemchukua Jumatatu badala ya kungoja wiki iishe.

Picha ilikaa sebuleni kwa Mjomba majuma kadhaa kabla ya sherehe. Nilikuwa nimejiandaa kuicheka kila nikifika, na niliicheka, hadi asubuhi moja nilipoingia bila kubisha nikamkuta amesimama mbele yake peke yake. Alikuwa amevaa kanzu ya kulalia. Alikuwa akiiambia picha, kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa ripoti kazini, kwamba mtoto wake wa mwisho amepata kazi. Nilirudi nyuma nikabisha hodi kwa nguvu. Alipofungua, akaniambia kioo kilikuwa na vumbi. Sikucheka tena siku hiyo, na nilimkasirikia kwa kuniharibia mzaha mzuri.

Mama alionyeshwa picha mwisho, kama kawaida ya kamati: mwenye msiba ndiye anayetaarifiwa maamuzi. Alisimama mbele yake muda mrefu, mkono kwenye goti.

"Ni mwanaume muzuri," akasema. "Ni nani?"

"Ni baba," Mjomba akasema.

"Baba hakukuwa na mvi."

"Dada, tumemupa heshima tu."

"Hawakumuacha azipate. Leo mumemupa nyinyi." Hakupandisha sauti, mama hajui kupandisha sauti. "Uso wake nimeusahau, ni kweli. Nautafuta kila siku, siuoni. Lakini kusahau kwangu ni kwangu, mudogo wangu. Usiniwekee mutu mwengine humo ndani."

Mjomba alikuwa ameshaagiza fulana. Kila mjukuu na kitukuu angevaa sura ya babu kifuani, na fulana zikishapigwa chapa hazirudi. Kwa hiyo mama akaambiwa kwamba jambo hilo litajadiliwa, maana yake limepita.

Siku ya kuganduka ikafika, Jumamosi, jua kali. Uani kwa Mjomba Gihosha kulikuwa na hema jeupe, viti vya plastiki vilivyovikwa vitambaa, msema chochote aliyekodiwa kutoka kanisani, na vyombo vya muziki vya kumsaidia asisikike. Watoto walikuwa wakikimbia huku na huko na babu tumboni. Kwa wale wanene alikuwa amenenepa, kwa wale wembamba alikuwa na mkunjo katikati ya pua. Mbele kabisa, juu ya meza yenye kitambaa na maua, alikaa mwenyewe, ndani ya fremu ya dhahabu, na vitabu vyake.

Nikajiweka karibu na meza ili nione watu wanavyompokea, na nakiri nilitegemea kuona aibu japo kidogo. Nilikuwa sijui nchi yangu. Mzee mmoja wa kanisani akasimama, akaguna, akasema: "Ni yeye kabisa. Hata ile kravati naikumbuka." Kravati ile Mjomba alipewa mbele yangu, kwa hotuba na keki. Akafuata mama mmoja, akagusa fremu, machozi yakamlenga. Alisema enzi za utoto wake muzee huyu alikuwa akimpa vipande vya muwa njiani kutoka shule. Mama huyo mimi namzidi umri. Wakaja wengine. Mmoja alimkumbuka kwa busara yake, mwingine kwa miwani. Kila aliyepita aliacha kumbukumbu mezani kama watu wanavyoacha bahasha, na kila mmoja aliifanya ya kwake iwe nono kidogo kuliko ya aliyetangulia. Hadi saa ya hotuba babu alikuwa amekwisha kuwa mshauri wa watu watatu ambao baba zao walikuwa hawajaoa alipokufa.

Sikuweza hata kuwachukia. Ukoo ulikuwa umewaita waje kumkumbuka mtu, nao ni watu wenye adabu, wakakumbuka. Redioni tunahimizwa kila siku tukumbuke, na siku zenyewe tunapangiwa, pamoja na saa na mahali pa kuweka maua. Hakuna aliyewahi kutuambia tufanye nini na yule tusiyemkumbuka. Basi tunakopeshana.

Wakwe zangu wakaketishwa safu ya mbele, kulia, kwa heshima ambayo kwetu huwa inafanana sana na hofu. Baba mkwe akavua kofia mbele ya picha, akainama kidogo, hakusema kitu, akaenda kuketi. Mjomba akapumua. Nami nikapumua. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, yaani hakuna jambo lolote lililokuwa likitokea.

Hotuba ya Mjomba ilikuwa nzuri, niliiandika mimi. Ilisema marehemu alizaliwa, akasoma, akafanya kazi kwa uaminifu, akapenda jirani zake wote bila ubaguzi, na kwamba nyakati ngumu zilimchukua angali anahitajika. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nyakati zilikubalika pande zote mbili za hema. Hakuna upande uliozizaa, hakuna upande ulioziendesha, hazina ukoo wala kabila, na bahati nzuri hazikuwapo hemani.

Kisha pombe ya mtama ikaletwa katika chungu, mrija ukatiwa, na msema chochote akamwalika mama aje anywe wa kwanza ili tuganduke.

Mama akainuka. Alivaa kitenge cheupe ambacho sikuwahi kukiona. Akaenda hadi kwenye chungu, akashika mrija, akauachia. Akageuka, akatutazama wote, wakwe, wanakanisa, majirani, watoto wenye fulana.

"Asante kwa kuja," akasema, bila kipaza sauti, na muziki ukazimika wenyewe. "Nimesikia nyote mulimujua baba. Mi nilikuwa na miaka saba, sikumujua vizuri. Sasa nauliza tu kitu kimoja. Ile siku, nani hapa alimuona?"

Mzee wa kravati akaanza kutafuta kitu mfukoni. Mama wa muwa akamfunga mtoto wa mwenzake kamba za viatu. Watu wote waliokuwa wakimfahamu babu tangu asubuhi, mmoja mmoja, waliacha kumfahamu. Mjomba akanong'ona, "Dada, tafadhali," na mama akasema kwa upole kwamba hana haraka, atasimama tu hapo, na kama hakuna mtu basi asamehewe, hawezi kunywa, maana mtu hawezi kuganduka kwa sababu ya nyakati. Chungu kilikuwa katikati. Nilijua kwamba akirudi kuketi bila kunywa, hataomba tena, na atakufa matangani. Nilitamani kusema uongo, niseme mimi nilimwona, mimi ambaye sikuwa nimezaliwa. Ndiyo hali tuliyokuwa tumemfikisha.

Hapo safu ya mbele, upande wa kulia, kiti kikalia. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama, kofia mkononi. Mume wangu akanishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia.

"Bamwana," akasema. Ndivyo wazazi wa mke na wa mume wanavyoitana kwetu. "Mi nilimuona."

Alisema taratibu, akimtazama mama peke yake, kama vile hema lote ni shamba na wao wamekutana njiani.

"Nilikuwa kijana. Natoka kwa fundi na baiskeli ya baba. Kamyo ilikuwa imesimama pale kwenye duka la chumvi, dereva anatia maji kwenye moteri. Watu wamekaa nyuma, chini, na maaskari juu yao. Yeye alikuwa mwisho, karibu na mulango. Muguu mumoja ulikuwa na kiatu. Mwengine apana."

Mama akashika ukingo wa meza.

"Upande gani?" akauliza.

"Kiatu kilikuwa kushoto."

"Cha kulia kilibaki mulangoni kwetu," mama akasema. "Walimuvuta. Mama alikificha kwenye shimo la majivu. Sikumuambia mutu. Hata hawa watoto wangu." Na kweli hakutuambia. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote, nikamwandikia hotuba ya baba yake, na sikujua kwamba kulikuwa na kiatu.

Wakabaki wakitazamana, mtoto wa aliyekuwa ndani ya lori na kijana aliyekuwa kando ya barabara, na nilielewa kwa nini yule mzee alikuwa akiongea mvua miaka yote hiyo. Nilitaka kufikiri jambo la kejeli, nikakosa.

Ndipo Mjomba akasogea mbele. Mwenyekiti alikuwa amemtoka kabisa. Alikuwa na mikono mitupu na sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ndogo, ya mtu asiye na umri.

"Na uso?" akamuuliza mzee. "Baba, uso wake ulikuwa vipi? Alikuwa anafanana na mimi?"

Baba mkwe akamtazama Mjomba, halafu akaitazama picha, mvi na miwani na vitabu vyekundu, halafu akamrudia Mjomba. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna mtu hata mmoja ndani ya hema lile ambaye asingemshukuru.

"Nisamehe," akasema. "Nilimujua vizuri, alikuwa anatupimia kahawa. Lakini ile siku sikumuangalia usoni. Kama ningemuangalia, angenisalimu. Na mi ningepaswa kuitika. Wale maaskari wangejua namujua. Njo maana nikaangalia chini. Toka ile siku, nikimutafuta uso wake, unakuja muguu."

Mjomba akatikisa kichwa kama mtu anayepokea taarifa rasmi. Akaendelea kutikisa.

Mama akaondoka mezani, akaenda mwenyewe, na magoti yake, hadi safu ya mbele, akamshika baba mkwe wangu mkono akamleta hadi kwenye chungu. Itifaki haikuwa hivyo. Akainama, akanywa, akanywa sana, kwa mtu ambaye hakuwahi kuonja. Akampa mzee mrija, naye akanywa. Kisha akamvuta Mjomba karibu kwa mkono wa koti, akamwekea mrija mdomoni kama anavyolishwa mtoto.

"Kunywa, mudogo wangu," akamwambia. "Baba amekufa."